Jinsi ya kutengeneza mchezo wa karata wa kufundishia wakunga kuzuia damu

Nimefundisha ukunga miaka mingi, na kwa muda mrefu nilifundisha damu ya baada ya kujifungua kwa ubao na chaki. Wanafunzi walikariri vizuri na mtihani walifaulu. Kisha usiku mmoja, katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya, nilimkuta mhitimu wangu ameduwaa mbele ya mama anayevuja damu. Mkono mmoja uko tumboni, mwingine umeshika sindano ya oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, na mdomo umefumba. Hakumwita mtu. Mama yule tulimwokoa, lakini sikulala. Mimi ndiye niliyemfundisha majibu bila kumfundisha kuwa ana mikono miwili tu.

Ndiyo maana katika mchezo huu hatushindanii pointi. Tunachogombea ni mikono.

Nunua manila mbili, kalamu ya wino mzito, na uokote vizibo 20 vya soda. Tafuta pia bakuli na mzani wa jikoni. Saa utatumia ya simu. Kata manila karata za ukubwa wa kiganja, na kila karata iandike tendo moja, mikono inayohitaji na dakika zinazotumika. Kukanda mfuko wa uzazi: mikono 2, muda wote unapokanda. Kuweka dripu: mikono 2, dakika 2. Oksitosini: mikono 2, dakika 1. Kutoa mkojo kwa katheta, yaani mpira wa mkojo: mikono 2, dakika 2, maana kibofu kilichojaa huuzuia mfuko wa uzazi usikaze. Kukagua njia ya uzazi na kondo la nyuma: mikono 2, dakika 2. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke: gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10. Mchezaji anayeisukuma kwa sindano hana mikono kwa dakika zote hizo, isipokuwa kama timu imekumbuka kuichanganya kwenye chupa ndogo ya dripu. Juu ya karata hiyo andika kwa wino mwekundu: kabla hazijapita saa 3 tangu mtoto atoke.

Karata ya mwisho ni ya kuita msaada. Mikono 0, dakika 0. Usiwaambie kitu kuihusu.

Tengeneza pia karata nne za sababu: mfuko wa uzazi uliolegea, mchaniko, kipande cha kondo kilichobaki, damu isiyoganda. Mwalimu huchagua moja akaificha. Vizibo vyote vinaingia bakulini, kila kimoja ni mililita 100. Vitano vitoe mwanzoni, kwa kuwa mama amekwisha kupoteza mililita 500. Mkunga mmoja anakaa mezani, wenzake wawili wanasimama mlangoni na hawasogei hadi waitwe. Washa saa. Kila dakika kizibo kimoja kinatoka; mfuko wa uzazi ukikandwa, kinatoka kimoja kwa dakika mbili. Vikifika 10 nje, mnasimama. Damu inakoma pale tu timu inapotenda kinachoiondoa sababu iliyofichwa.

Raundi ya kwanza karibu kila timu inashindwa kwa njia ileile: wanafanya moja, wanasubiri, wanafanya la pili, wanasubiri. Hapo ndipo ninapowaeleza utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 baada ya kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Wakunga walipima damu kwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo badala ya kukisia, na walipoona imezidi walitoa huduma zote kwa mkupuo. Waliopoteza lita 1 au zaidi, au kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwayo, walipungua kwa 60%. Wanafunzi wakitoka kushindwa mezani, takwimu hiyo huingia kwa namna ambayo ubaoni haikuwahi kuingia.

Kabla ya raundi ya pili, lete khanga. Ipime ikiwa kavu, kisha imwagie juisi ya choya bila wao kuona kiasi. Kila mmoja aandike anachokisia. Mimi humwaga mililita 700, na wengi huandika 300. Halafu ipimeni: kila gramu iliyoongezeka ihesabuni mililita 1. Nyamaza, waache wautazame mzani.

Mjadala wa baada ya mchezo usiupunguze hata muda ukibana. Bora upunguze raundi. Anza na aliyekaa mezani, umuulize aliona nini, siyo alikosea nini. Mwanafunzi aliyeaibishwa mbele ya wenzake ataficha kosa wodini, na kosa lililofichwa wodini ni la hatari.

Simu nazo zinakuja, na nazikaribisha. Watafiti wa Oxford na wenzao wa Kenya wametengeneza LIFE, mchezo wa simu unaofundisha kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua. Ninachokitamani ni mchezo wa namna hiyo kwa Kiswahili, unaofunguka bila bando, unaokumbuka kosa ulilolifanya wiki iliyopita na kukurudishia leo. Hata ukija, karata zangu sitazitupa, kwa sababu simu haimlazimishi mtu kupaza sauti.

Wakishazoea, wachezeshe raundi ya usiku. Mlangoni pawe na mtu mmoja tu, naye awe mhudumu wa usafi, asiyeruhusiwa kugusa dawa. Wengi watasema huyo hana kazi. Subiri atokee mmoja atakayempa saa na kumwambia, "Dada, nihesabie dakika kwa sauti, kisha kimbia kamwite daktari."