Namna ya Kuliuzia Duka Kubwa kwa Mkopo Bila Kuanguka Nalo

Msambazaji mdogo wa mtindi, mikate au mboga hufurahi bidhaa yake inapokubaliwa na duka kubwa, na ana kila sababu ya kufurahi; lakini siku hiyo hiyo anakuwa mkopeshaji asiye na dhamana. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya iliyokuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, iliwekwa Januari 2018 chini ya msimamizi, yaani mtu anayeteuliwa kuiendesha kampuni iliyoshindwa kulipa madeni yake, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifilisiwe. Uchumi, kampuni nyingine ya maduka makubwa ya Kenya, ilifunga milango mwaka 2006, ikafufuliwa, kisha mwaka 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Baadaye ikaja zamu ya Tuskys, nayo ya Kenya. Kila mara, wasambazaji wadogo walibaki na ankara zisizolipwa.

Kwanza, piga hesabu ya deni lenyewe. Ukipeleka mtindi wa shilingi 40,000 kila wiki, na duka likalipa ankara baada ya siku 60, utakuwa umepeleka mara tisa, yaani bidhaa za shilingi 360,000, kabla ya kushika senti. Malipo yakisogea hadi siku 90, deni linafika 520,000. Amua mapema ni kiasi gani unaweza kukipoteza chote na bado ukawalipa wafugaji na wafanyakazi wako, na deni likigusa hapo, usipeleke tena, hata meneja wa tawi akusihi vipi.

Pili, tembelea rafu mwenyewe, kwa sababu rafu husema kabla ya magazeti. Duka linaloishiwa hupanga bidhaa mstari mmoja tu wa mbele, na nyuma yake pakawa patupu; maji ya chupa na karatasi za chooni hutandazwa mahali palipokuwa na mafuta ya kupikia na sukari. Ukiona kampuni kubwa za unga na sabuni zimeacha kuleta mali, elewa kwamba zina wahasibu wanaofuatilia madeni kila siku, nawe ufuate nyayo zao. Hundi inayorudi benki, au ahadi ya kulipa nusu ukileta mzigo mwingine, ni dalili nzito zaidi.

Tatu, hakikisha kila hati ya kupokelea bidhaa ina muhuri, tarehe na sahihi, na uitunze pamoja na ankara yake. Mkataba unaweza pia kuwa na kifungu kinachosema mali ni yako hadi ilipwe. Kifungu hicho humfaa muuza magodoro kuliko muuza mtindi, ambao huwa umekwisha kunywewa, na hata muuza magodoro, msimamizi akishateuliwa, hawezi kuchukua mali yake bila idhini ya msimamizi huyo au ya mahakama.

Msimamizi akiingia, uza kwa fedha taslimu tu. Deni la zamani liwasilishe kwake kwa maandishi, pamoja na nakala za hati zote, kabla ya tarehe anayotangaza. Benki zenye dhamana zitakutangulia, na huenda ukapata kidogo sana. Hata hivyo hudhuria mkutano wa wadai, ukiungana na wasambazaji wengine, kwa kuwa kura huhesabiwa kwa ukubwa wa deni, na madeni madogo yakijumlishwa yanaweza kuwa na uzito ambao hakuna mmoja wenu angekuwa nao peke yake.