Kuondoa taka za kimbunga mjini: kazi inaamuliwa kando ya barabara

Kimbunga kikubwa kikipita juu ya mji wa pwani ya Ghuba ya Mexico, huweza kuacha kwa usiku mmoja taka ambazo mji huo ungezizalisha kwa miaka. Katrina ya mwaka 2005 iliacha zaidi ya yadi za ujazo milioni 100 za miti, mabati, kuta, magari na majokofu. Yadi moja ya ujazo ni kama robo tatu ya mita ya ujazo, na ndicho kipimo kinachotawala kazi hii yote Marekani: mkandarasi hulipwa kwa yadi, jiji hudai kwa yadi, na FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, hukagua kwa yadi.

Mwongozo huu ni kwa ofisa wa jiji, kwa mkandarasi, na kwa mkazi mwenye rundo mbele ya nyumba yake. Kabla ya hatua yoyote, shikeni hili: taka zikishachanganyika kando ya barabara, hakuna mashine itakayozitenganisha kwa bei nafuu. Rundo la matawi lenye godoro moja na kopo la rangi si matawi tena, na gharama yake inapanda papo hapo.

Kabla ya msimu

Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba. Kufikia Mei, jiji liwe limeshasaini mikataba miwili: mmoja wa kampuni ya kubeba, mwingine wa kampuni ya kusimamia na kuhesabu mizigo. Kampuni hizi zisihusiane kwa namna yoyote, maana anayelipwa kwa yadi hawezi kuachiwa ajihesabie yadi. Ukianza kutafuta mkandarasi barabara zikiwa zimefungwa, utapewa bei ya mtu anayejua huna pa kwenda.

Tafuta mapema pia viwanja vya muda vya kupokelea taka, mbali na visima, vinamasi, shule na makazi. Hesabu ni hii: ukirundika kwa kimo cha futi 10, ekari moja inabeba kama yadi 16,000. Yadi milioni moja zinadai ekari 62 za marundo peke yake. Ukiongeza njia za malori, nafasi za kuzuia moto, sehemu ya mashine na ukanda wa kuwatenga majirani, unafika kama ekari 100. Viwanja vya ukubwa huo haviokotwi wiki ya kimbunga.

Kiwanja kikishapatikana, pima udongo na maji ya chini ya ardhi, kisha upige picha kila kona kabla lori la kwanza halijaingia. Jiji lisilo na vipimo hivi litalaumiwa siku ya kurudisha ardhi hata kwa uchafu uliokuwepo miaka 20 iliyopita.

Siku za kwanza

Kazi ya kwanza si kubeba, ni kufungua njia. Vikosi vyenye misumeno ya mnyororo na katapila hukata miti iliyolala na kuisukuma pembeni, njia ya hospitali, vituo vya zimamoto, mitambo ya maji na makazi ya dharura zikitangulia. Mti ulioshikana na waya wa umeme hauguswi mpaka kampuni ya umeme ithibitishe kwamba waya umekufa. Kwa kawaida ni katika saa 70 za mwanzo tu ndipo malipo ya saa kwa mtambo na mfanyakazi yanakubalika. Baada ya hapo rudi kwenye malipo ya yadi, la sivyo fedha za serikali kuu, ambazo kwa kawaida hugharimia asilimia 75 au zaidi, zinaweza kukataliwa.

Wakati huohuo kadiria kilichopo. Kwa jengo lililoanguka, zidisha urefu, upana na kimo kwa futi, zidisha tena kwa 0.33 kwa sababu ndani ya nyumba kuna hewa nyingi kuliko kuta, kisha ugawe kwa 27. Nyumba ya futi 60 kwa 40 yenye kimo cha futi 10 inatoa kama yadi 293. Ukitaka tani, yadi 4 za matawi ni kama tani moja, na kwa vifusi vya ujenzi yadi 2 zinatosha.

Kando ya barabara

Tangazo kwa wakazi litoke ndani ya siku mbili, kwa lugha zote zinazosemwa mjini. Houston, kwa mfano, ina familia nyingi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili, na tangazo la Kiingereza peke yake linawapita wazee. Liseme wazi kwamba marundo ni haya, kila moja peke yake:

– matawi, magogo na majani
– vifusi vya ujenzi: mbao, jipsamu, vigae, zulia, fanicha
– vyombo vikubwa: friji, jiko, mashine ya kufulia, kiyoyozi
– vifaa vya umeme: televisheni, kompyuta
– vyenye sumu: rangi, dawa za wadudu, mafuta, betri, mitungi ya gesi

Marundo yakae ukingoni mwa barabara, kwenye ardhi ya umma, mbali na bomba la zimamoto, mita za maji, masanduku ya barua na mtaro wa mvua. Yasiwe chini ya waya wala chini ya tawi la mti, kwa sababu lori la kubebea lina mkono wa chuma wenye makucha unaoinuka juu sana. Matawi yasitiwe kwenye mifuko ya plastiki: mfuko mmoja ukiingia kwenye mashine ya kusaga, chenga zote zinachafuka.

Friji inastahili maelezo yake. Umeme ukikatika wiki moja kwenye joto la Agosti, nyama iliyomo inakuwa uji mweusi, na ukifungua mlango barabarani nzi wanajaa mtaa mzima. Usiifungue. Izungushie mkanda imara mara mbili, iache imesimama wima. Kwenye kiwanja cha kupokelea, fundi mwenye cheti hunyonya kwanza gesi ya kupoozea kwa mashine yake, ndipo mafuta ya kompresa yanatolewa, chakula kinatupwa, na bodi inaenda kwenye chuma chakavu. Friji ikibanwa na makucha ya lori, bomba linakatika na gesi yote inapotelea hewani.

Betri za lithiamu zilizoloa maji ya chumvi zitengwe mbali kabisa na marundo. Baada ya kimbunga Ian, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama Florida yaliwaka moto siku na hata wiki baadaye.

Kupima mzigo

Hapa ndipo fedha za umma huvuja. Kila lori lipimwe ndani ya bodi kabla ya kuanza kazi: urefu, upana, kina, ukitoa pembe zilizopinda na nafasi inayoliwa na jeki ya kubinulia. Namba na ujazo wake viandikwe ubavuni. Msimamizi aliye mtaani huandika tiketi: mahali, saa, lori, aina ya taka. Getini mwa kiwanja cha taka kuna mnara, sakafu yake angalau futi 10 juu, ili msimamizi wa pili aone ndani ya bodi na si ubavu wake.

Tuchukue lori la yadi 60. Kwa chini linaonekana limefurika. Kwa juu unaona matawi yameegemezwa kama wigo pande zote, katikati kuna shimo. Msimamizi anaandika asilimia 70, yaani yadi 42. Dereva atalalamika, na akubaliwe kulalamika, lakini namba isibadilike. Lori likitoka likaguliwe tena: taka zilizobaki sakafuni mwa bodi zitalipwa safari ijayo kana kwamba ni mpya. Pima upya baadhi ya malori bila taarifa, kwani mbao za kuongezea kimo huondolewa baada ya siku ya vipimo.

Kusaga na kuchoma

Kusaga matawi kunapunguza ujazo hadi robo. Kuchoma kwa shimo lenye pazia la hewa, ambapo feni kubwa hupuliza hewa juu ya moto na kurudisha moshi uungue tena, kunapunguza kwa asilimia 95. Shimo lisizidi upana wa futi 8, kina kiwe kati ya 9 na 14. Liwe futi 100 kutoka kwenye marundo na futi 1,000 kutoka jengo lolote. Majivu yakifika futi 2 chini ya ukingo, zima moto, ngoja kama saa mbili, ndipo uyachote.

Mbao zenye rangi ya kijani zilizotiwa dawa, zile za uzio na gati za zamani, zisisagwe wala kuchomwa. Zina aseniki, na ukizisaga unaitandaza sumu hiyo kwenye bustani za watu. Marundo ya chenga yawe mafupi na yageuzwe mara kwa mara, kwa sababu joto la kuoza hukusanyika katikati mpaka yanajiwasha yenyewe. Chenga pia husafirisha wadudu: baada ya Katrina, Louisiana ilizuia mbao za maeneo yenye mchwa wa Formosa zisitoke bila kibali.

Dampo la mwisho

Vifusi vya ujenzi huenda kwenye dampo lake, lakini jipsamu nyingi ikifukiwa na kuloa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, inayodhuru mapafu. Nyumba za zamani zikaguliwe asbesto kabla ya kubomolewa. Na wakazi waulizwe mapema: mwaka 2006 New Orleans ilifungua dampo la Chef Menteur kwa amri ya dharura karibu na mtaa wa Wamarekani wenye asili ya Vietnam. Watu waliandamana, na Agosti mwaka huohuo lilifungwa.

Kasi nayo ina sababu. Kimbunga Helene kilipiga Florida tarehe 26 Septemba 2024, kimbunga Milton kikafika 9 Oktoba. Kwa siku hizo 13 marundo ya Helene yalikuwa bado barabarani, na kila ubao ulikuwa kombora linalongoja upepo. Jimbo liliamuru madampo yawe wazi usiku na mchana. Ukikabiliwa na hali hiyo, anza na mabati, mbao na milango iliyo karibu na nyumba. Matawi yaliyolowa, na pia mchanga, vinaweza kusubiri. Mchanga wa ufukweni usiupeleke dampo: uchekeche, urudishe ufukweni.

Kiwanja kikiisha kazi, ondoa majivu yote na inchi chache za udongo wa juu penye alama za mafuta, kisha pima sehemu zilezile za mwanzo na ulinganishe namba. Mwenye ardhi asaini baada ya kuona majibu ya maabara, na ndipo malipo ya mwisho ya mkandarasi yatolewe.