Somo: Kuchagua mtaala wa kufundishia nyumbani ukiwa na watoto wa rika tofauti

Swali linaloulizwa sana humu kikundini ni "ninunue mtaala gani?" Mama ana wa miaka sita, wa tisa na wa kumi na tatu, na anatafuta kifurushi kimoja kitakachowatosha wote. Akikikosa, ananunua vitatu na kufilisika. Mimi nawashauri muanze na mkubwa: atatokea mlango gani, yaani atafanya mtihani upi mwishoni? Ukishajua hilo, rudi chini kwa wadogo. Mdogo ana muda, mkubwa hana.

Hatua ya 1: Sheria kabla ya vitabu

Sheria ya Elimu ya Tanzania, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi akifikisha miaka saba na ahakikishe anahudhuria. Basi usimtoe mtoto shuleni kimya kimya ukidhani hakuna atakayeuliza. Nenda kwa afisa elimu kata, mweleze, na uwe na namba ya PREM ya mtoto mkononi. Hiyo ndiyo inayomtambulisha kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani (NECTA). Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kupitia shule. Mzazi haendi kumsajili mwanawe mwenyewe.

Familia ninazozifahamu hapa Dar nyingi zimeishia njia ya kati: jina la mtoto liko shuleni, kazi nzito inafanyika nyumbani jioni, Jumamosi na likizo. Somo hili linawafaa na hao.

Hatua ya 2: Mlango wa mkubwa

Kama mkubwa anaelekea mitihani ya NECTA, usisumbuke kununua vya ng'ambo. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao ya TET. Ni bando lako tu. Angalizo kwa mnaonunua vya mtumba: mtaala ulibadilika. Utekelezaji wa mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 anamaliza la sita 2027, na aliyekuwa la nne anamaliza la saba mwaka huohuo kwa mtaala wa zamani. Kwa hiyo ndugu wawili waliopishana mwaka mmoja wanaweza kuhitaji vitabu tofauti kabisa. Tazama kurasa za mwanzo za kitabu kabla hujatoa hela.

Kama ni Cambridge, mtaala wa Uingereza, mlango ni IGCSE, mtihani wake wa sekondari unaolingana na Kidato cha Nne, na mitihani kwa upande wetu hufanyika Juni na Novemba. Wazazi wengi huogopa sayansi kwa sababu ya maabara. Katika Fizikia, Kemia na Biolojia ipo karatasi mbadala ya mazoezi ya vitendo, ambapo mtoto anajibu kwa maandishi badala ya kushika chupa za kemikali. Kabla ya kununua hata daftari, ulizia kituo cha mitihani kama kinapokea watahiniwa binafsi wa masomo unayoyataka. Wapo wanaofundisha mwaka mzima ndipo wanauliza.

Ipo pia mitaala ya Kimarekani ya vijitabu, kama ACE, ambayo mtoto anajisomea, anajisahihisha na kuhamia kijitabu kinachofuata. Inampunguzia mzazi kazi, hilo silikatai. Ila imejengwa juu ya imani ya Kikristo mwanzo hadi mwisho, pamoja na sayansi yake, basi jua unachokichukua. Na haikupeleki moja kwa moja kwenye mtihani wa Kidato cha Nne.

Hatua ya 3: Pima kila mtoto, sahau darasa lake

Kusoma: mfungulie ukurasa wowote asome kwa sauti. Akikwama kwenye maneno matano au zaidi, kitabu hicho bado. Hisabati: chukua mazoezi ya mwisho wa sura kutoka kitabu cha darasa la chini yake, panda naye taratibu. Pale anapoanza kukosa mfululizo ndipo pa kuanzia, hata kama ni aibu. Mtoto wa la tano asiyejua kugawanya hatajua sehemu, na tuisheni ya usiku kucha haitaziba pengo hilo.

Hatua ya 4: Tenganisha ya ngazi na ya pamoja

Hapa ndipo penye nafuu kubwa, na ndipo watu wengi wanapojichosha bure.

Hisabati na lugha ni ngazi. Kila mtoto asimame kwenye kipago chake, na kitabu chake. Wa miaka sita hana zaidi ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Dakika kumi na tano, kumi na tano, anapumzika. Mkimkalisha saa nzima mnamfundisha kuchukia daftari.

Sayansi, historia, jiografia, sanaa na dini vinaweza kufundishwa mezani pamoja. Mada moja, kazi tofauti. Chukua Mto Msimbazi, kila mtu wa Dar anaujua kwa mafuriko yake. Unatoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mdogo achore mvua na mto, aandike majina matano ya vitu alivyochora. Wa kati aeleze mzunguko wa maji kwa aya mbili. Mkubwa atafute kwa nini Jangwani hujaa kila masika: umbo la bonde, mchanga uliosombwa, taka, nyumba zilizojengwa mabondeni. Umetayarisha somo moja, watatu wamekula.

Tahadhari moja tu: mkubwa akifika miaka miwili kabla ya mtihani, mtoe mezani. Yeye sasa anafuata muhtasari wa mtihani, mada kwa mada, na karatasi za miaka iliyopita. Historia ya Tanzania na Maadili haisomwi kwa hadithi za mezani peke yake.

Ratiba iliyonifaa: saa mbili hadi saa nne asubuhi ni ngazi. Ninakaa na mdogo kwanza, wakubwa wakijifanyia mazoezi, kisha tunabadilishana. Baada ya chai, masomo ya pamoja. Vya kwenye simu viwe vya ziada, maana Luku ikiisha au umeme ukikatika shule isifungwe.

Hatua ya 5: Jaribu muhula mmoja

Usilipie mwaka mzima. Chapa sura mbili steshenari, fundisha, tazama. Mtaala mzuri usioweza kuufundisha wewe haukufai.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama watatu, Tabata: Mwalimu shikamoo. Nina wa miaka minne anavuruga kila kitu wenzake wakisoma. Na yeye nimtafutie mtaala?

Jibu: Marahaba mama. Hapana. Mpe maharage ya kuhesabu na kupanga kwa rangi, mkasi butu, nyimbo na hadithi. Mhudumie yeye kwanza dakika kumi kabla ya wengine, akishiba umakini wako atacheza.

Baba mapacha, Kigamboni: Mkuu, nikianza Cambridge halafu mambo yakawa magumu, naweza kuwarudisha shule za serikali?

Jibu: Kaka, ukiwa bado msingi, linda vitu vitatu: PREM, Kiswahili cha kuandika, na Historia ya Tanzania na Maadili. Hapo ndipo wanaorudi huumia. Akishamaliza IGCSE, NECTA hufanya ulinganifu wa vyeti vya nje.

Dada wa Mbagala: Mimi na mume tunatoka saa kumi na moja alfajiri, anayebaki na watoto ni dada wa kazi. Mtaala gani utafaa?

Jibu: Hakuna, mdogo wangu. Mtoto wa miaka kumi na kuendelea aliyezoea kujisomea anaweza kufanya mazoezi peke yake ukamsahihishia jioni. Anayejifunza kusoma anahitaji mtu mzima anayejua kufundisha, tena kila siku. Waache shuleni, tumia Hatua ya 3 na ya 4 mwishoni mwa wiki.

Mama mdogo, Kimara: Binti wa marehemu dada yangu alikatisha Kidato cha Kwanza kwa ujauzito. Ana miaka 17, anasoma nyumbani na wanangu wadogo. Ataishia wapi?

Jibu: Pole kwa msiba, na hongera kwa kumshika. Ana njia mbili. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule, hilo uliza shuleni kwake au kwa afisa elimu. Akiona haya kurudi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina sekondari kwa njia mbadala. Makao yake yako mjini, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ukishuka mwendokasi si mbali. Huko atajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, akifaulu anafanya Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vitabu ni vilevile vya TET. Nenda naye mwenyewe, usimtume peke yake siku ya kwanza, na beba cheti chake cha darasa la saba.