Dar hadi Moro kwa gari yako mwenyewe: panga saa ya kutoka kwanza

Ukimuuliza mtu wa Dar kwamba Morogoro ni mbali kiasi gani atakwambia "Moro si hapo tu", na kwa kilomita kweli ni hapo tu, haifiki 200 ukitokea katikati ya mji. Ila hiyo hapo tu ndo inafanya watu waondoke saa tisa mchana, tairi hazijapimwa upepo, watoto hawajala, alafu saa mbili usiku bado wako maeneo ya Chalinze nyuma ya semitela wanahangaika namna ya kulipita. Nimeona niandike namna ya kuipanga hii safari, hasa kwa wewe ambaye ndo mara ya kwanza unaiendesha mwenyewe, maana barabara ni fupi lakini inataka akili yako yote.

Kwanza hesabu masaa manne. Sio mawili na nusu kama ambavyo jamaa zako watakwambia, manne, ikiwa ni pamoja na kusimama mara moja kula na kujinyoosha. Ukifika mapema ni faida yako, lakini ukimwambia mwenyeji wako utafika baada ya masaa mawili na nusu basi kila lori litakalokuwa mbele yako litakutia hasira, na hasira ndo inamfanya mtu atoke kwenye msitari wake sehemu ambayo haoni mbele.

Sasa saa ya kutoka. Asubuhi foleni ya Morogoro Road inaingia mjini, wewe unatoka, kwahiyo upande wako unakuwa na nafuu. Jioni ni kinyume chake, kuanzia saa kumi watu wote wa Kimara, Mbezi, Kibamba na Kibaha wanarudi nyumbani na wewe unajikuta katikati yao unatumia saa nzima au zaidi kabla hata hujaianza safari yenyewe, na ijumaa jioni ndo usiombe. Chagua kimoja kati ya hivi viwili: ondoka saa kumi na moja alfajiri ili kukicha kukukute maeneo ya Kibaha, au ondoka saa tatu asubuhi ukiwa umekunywa chai na watu wako wamejiandaa vizuri. Hapo katikati, yaani saa kumi na mbili hadi saa mbili, mabasi mengi ya mikoani yanakuwa yametoka stendi ya Magufuli pale Mbezi na yana haraka zake, mimi huwa napendelea yatangulie.

Kuna kitu kingine watu hawakifikirii kabisa, ni jua. Barabara hii inaelekea magharibi. Ukienda asubuhi jua liko mgongoni, ukirudi mchana kuelekea jioni liko mgongoni pia, unaona mbele vizuri njia nzima. Ukigeuza, yaani uende jioni na urudi asubuhi mapema, jua linakupiga usoni safari zote mbili na kioo kikiwa na vumbi kidogo tu humuoni anayekatiza barabara na baiskeli. Hii peke yake inatosha kukufanya upange safari upya.

Usiku kama hakuna dharura acha. Siku hizi mabasi yanatembea usiku na malori ndo usiseme, na shida sio mwendo tu, shida ni lori lililoharibika limesimama nusu barabarani halina taa hata moja, na bodaboda isiyo na taa ya nyuma, na anayekuja mbele amewasha fulu na hazimi.

Kwanini malori ni mengi namna hii? Mzigo unaotoka bandari ya Dar kwenda Zambia na Congo kupitia Tunduma, na unaokwenda Rwanda na Burundi kupitia Dodoma, mwingi wake unapita hapa hapa. Kutoka Dar mpaka Chalinze unachangia barabara na magari ya Tanga, Kilimanjaro na Arusha pia. Chalinze hao wanakata kulia, wewe unanyoosha, unaona kidogo pamepumua, ila malori marefu mnaendelea nayo mpaka Msamvu, pale Moro mjini.

Kutoka mjini sio lazima upite Ubungo. Kama unakaa Tabata Segerea au Kinyerezi pita Malamba Mawili utokee Mbezi, kama unakaa Tegeta au Madale pita Goba nako utatokea Mbezi. Ukipita Ubungo basi baada ya zile fly over za Kijazi kumbuka njia ya katikati mpaka Kimara ni ya mwendokasi, usiingie hata kama imekaa wazi na foleni yako haisogei. Kuanzia Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa, njia ni nyingi, na hapo ndo gari linakimbia bila wewe kujua. Alafu ukishapita Kibaha ghafla mnabaki njia moja kwenda moja kurudi, na mguu wako umeshazoea spidi ya kule nyuma. Punguza kabla hujafika hapo, kaa nyuma ya mwenzako, tulia, safari yenyewe ndo inaanza.

Hamsini. Hili neno utalisikia kwa kila dereva wa njia hii. Kila penye makazi kuna kibao cha 50, na kwenye barabara hii makazi ni mengi, Kibaha, Visiga, Mlandizi, Vigwaza, Chalinze yenyewe, Mdaula, Ubena, Mikese, Kingolwira, na vijiji vya katikati ambavyo jina lake unalijua pale tu unapopunguza mwendo. Trafiki wanakaa na tochi, yaani kile kifaa cha kupima spidi, kosa moja ni 30,000 na unapewa namba ya malipo, ukikusanya matatu umeshamaliza hela ya mafuta ya kurudia. Lakini mi ningeomba usiiendeshe hamsini kwa ajili ya tochi. Pale Mlandizi soko liko barabarani, watoto wa shule wanavuka mchana, bodaboda zinatokea pembeni bila kuangalia, na gari iliyo kwenye 90 haisimami mita chache kama unavyodhani. Ukiona kibao cha 50 shuka mpaka 50 kweli na ukae hapo mpaka uone kile cha kuruhusu, wengi wanashuka kwenye kibao alafu wakiona hakuna trafiki wanapandisha tena katikati ya kijiji.

Kuovateki sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoua. Lori refu la semitela linachukua nafasi kubwa kuliko macho yako yanavyokwambia, na ukiwa umeligandia nyuma huoni chochote zaidi ya bampa lake. Rudi nyuma, acha nafasi, ndo utaanza kuona mbele. Angalia msitari, ukiwa haujakatika usitoke hata kama barabara inaonekana nyeupe. Shusha gia au kandamiza mafuta ukiwa na uhakika, pita moja, rudi, pumua, usijaribu kupita matatu kwa mpigo kwa sababu kuna gari nyuma yako linakupigia honi. Madereva wa malori wengi ni watu wema, watakuwashia indiketa ya kushoto kukwambia pita, ya kulia kukwambia subiri, mbele kuna gari. Shukuru ila usitoke kwa kuamini indiketa yake peke yake, inawezekana anachepuka tu kuingia sheli, thibitisha kwa macho yako mwenyewe. Na ukishapita kijiji usikimbilie kupita lori kwenye kimlima, subiri, mbele huko atakuacha upite kirahisi.

Ukikuta matawi ya miti yamepangwa barabarani, punguza mara moja, mbele kuna gari limeharibika. Na wewe ukiharibikiwa vuta gari pembeni kadri inavyowezekana, washa hazadi, weka pembetatu mbali nyuma ya gari sio miguuni pake, toa watu wote wakakae mbali na lami upande wa majani. Ukitengeneza ukaondoka, ondoa matawi uliyoweka.

Na hili naliandika kwa uchungu kabisa: ukikuta lori la mafuta limepinduka, usisogee, usisimame kupiga picha, usiruhusu mtu wako hata mmoja ashuke na kidumu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale karibu na Msamvu lori lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka, tukapoteza watu mia hivi, wengine siku zile zile wengine hospitali baada ya siku kadhaa. Kaa mbali, piga 114 zimamoto au 112 polisi, zuia wengine wasisogee.

Gari iandae siku mbili kabla, usiku wa kuamkia safari fundi ameshafunga. Oili, maji ya rejeta, breki, waipa, taa zote mbele na nyuma. Ila mahali pa kutumia muda ni tairi. Watu wengi wa mjini wanatumia tairi za mtumba, kwa kwenda kazini hazilalamiki, zikipata masaa mawili ya lami ya moto na gari limejaa watu ndo zinapasuka. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne kwenye kidude cha duara dufu, mfano 2319, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Ikiwa na miaka mingi, au ina nyufa ndogo ndogo ubavuni, usiende nayo hata kama kashata zake, yaani yale meno yake, bado nzima. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, na usisahau tairi la akiba, wengi wanakuja kugundua halina upepo wakiwa Ubena. Jeki, spana ya gurudumu, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe ndani ya gari, trafiki wataviuliza na ni haki yao kuuliza.

Leseni iwe haijaisha, bima pia. Kama gari umeazima angalia kwanza kama halina deni la faini za zamani, utasimamishwa ukalipe deni la mtu.

Mafuta hesabu hivi, gari ndogo ya kula lita moja kwa kilomita 12 itataka lita 16 au 17 kwenda, na hivo hivo kurudi, ongeza lita tano za foleni na za kuzunguka Moro. EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta, wanatangaza bei mpya jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwahiyo zidisha kwa bei ya mwezi huo upate bajeti yako. Jaza Dar kabisa usiku wake, ingawa sheli zipo Kibaha, Mlandizi na Chalinze.

Kusimama simama Chalinze, ni zaidi ya nusu ya njia, chakula kipo, vyoo vipo, matunda yapo. Dakika ishirini zinatosha, dereva ashuke atembee, asibaki kwenye usukani anachezea simu. Kama unasafiri na watoto wape maji na kitu chepesi tu, nyama na soda nyingi kwenye joto la Chalinze utalijutia ukifika Mikese.

Njia mbadala ipo kwa watu wa Bunju na Boko, unakwenda Bagamoyo, unashika lami ya Msata kupitia Kiwangwa, unarudi Chalinze. Ni ndefu wazi kabisa, kilomita zinaongezeka sana, lakini siku ambayo kuna ajali kubwa maeneo ya Kibaha au Ruvu na magari hayasogei, ndo njia itakayokuokoa, na Kiwangwa utapata nanasi tamu. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ulizia kwanza hali ya maji maeneo ya mto Ruvu kabla hujachukua uamuzi huo.

Na niseme ukweli, kama unakwenda peke yako na huna mzigo panda treni ya SGR. Tangu ilipoanza Juni 2024 Dar hadi Moro ni chini ya masaa mawili, beba kitambulisho tu. Gari ina maana mkiwa watatu na kuendelea, au kama una mizunguko mingi Moro, maana stesheni iko Kihonda na ukishuka bado unatafuta usafiri.

Kurudi, epuka jumapili jioni. Wote waliokwenda ijumaa wanarudi muda huo. Ondoka saa nne au saa tano asubuhi, ukishindwa basi saa saba mwisho, uwe umeshapita Kibaha kabla giza halijaingia. Wiki ya Nane Nane, yaani tarehe 1 hadi 8 Agosti, ongeza saa moja nzima pale mlangoni mwa Moro kwa sababu viwanja vya maonesho viko barabara hiyo hiyo. Na ukipita soko la Kingalu ukabeba mchele, ndizi na mboga za Uluguru, angalia ile stika kwenye fremu ya mlango wa dereva, ina kipimo cha upepo cha gari likiwa na mzigo, ongeza kwenye tairi za nyuma kabla hujaondoka Msamvu.