Kabla ya kumpima mtoto kromosomu za mozaiki: mambo ya kuzingatia

Kromosomu ni vifurushi vya urithi ndani ya kila seli; mozaiki ni pale baadhi ya seli za mtoto zina kromosomu tofauti na seli zake nyingine. Barua ya daktari, kadi ya kliniki, nauli: hayo mnayajua. Ulizeni SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, inalipia nini kabla mtoto hajadungwa sindano.

Mtoto akiwa ameongezewa damu karibuni, semeni mapema. Huku Kisumu na Siaya ni wengi, kwa sababu ya malaria na selimundu. Seli za aliyetoa damu zinaweza kuchafua majibu, na huenda daktari akaahirisha kipimo kwa wiki kadhaa.

Angalieni chupa. Kromosomu huhesabiwa kwenye seli hai zilizooteshwa maabara kama siku 3, kwa hiyo damu huwekwa kwenye chupa ya heparini, yenye kifuniko cha kijani. Ya zambarau ni ya kipimo cha DNA. Damu ya kromosomu isigandishwe kwa barafu. Kama inapelekwa Nairobi, msikubali itolewe Ijumaa jioni. Ikilala kwenye ofisi ya mizigo hadi Jumatatu, seli nyingi zitakuwa zimekufa.

Fomu iseme wazi kwamba mozaiki inashukiwa. La sivyo mtaalamu atahesabu seli 20 aishie hapo, na hizo zote zikiwa sawa, mozaiki iliyo chini ya asilimia 14 hivi bado inaweza kumponyoka. Akihesabu 50, kiwango hicho hushuka hadi kama 6.

Sasa hapa ndipo familia huumia. Mtoto ni legelege, amechelewa kukaa, nywele za kando ya paji ni haba, ngozi ina michirizi iliyopauka. Damu inapimwa, majibu yanarudi safi, faili linafungwa, na mama anaanza kuulizwa alikula nini akiwa mjamzito. Kumbe kilichopimwa ni damu peke yake. Katika ugonjwa wa Pallister-Killian, kromosomu ya ziada inayotokana na kromosomu 12 mara nyingi haionekani kwenye damu, ilhali kwenye ngozi ipo. Dalili zikiwapo, ombeni kipimo cha ngozi hata kama damu ni safi: kipande cha milimita 3 au 4, kwa ganzi, kutoka kwenye mchirizi na pia pembeni yake. Ngozi isafishwe kwa spiriti ikauke, bila ayodini. Kipande kiingie kwenye kimiminika cha kuoteshea seli kutoka maabara, kamwe si fomalini, maana fomalini huua seli na hapo safari nzima imeharibika. Majibu huchukua wiki kadhaa.

Chukueni nakala inayoonyesha ni seli ngapi zilihesabiwa na zilitoka wapi. Asilimia ya kwenye damu msiigeuze kipimo cha akili ya mtoto, ubongo haukupimwa. Msichana mwenye Turner (kromosomu X moja haipo au haijakamilika), ulizeni kama kuna kipande cha kromosomu Y, kwa sababu kinaongeza hatari ya uvimbe kwenye ovari. Majibu ya simu yasitoshe. Na mazoezi ya viungo yaanze sasa, yasingoje maabara.