Ukifunga keji ya bolti, usikaze mapema

Unapofunga keji ya bolti (fremu ya mabomba ya chuma inayokulinda gari likibiringika) kwenye Subaru Impreza ya mbio, usikaze hata bolti moja mpaka miguu yote sita ikae mahali pake. Ukikaza wa mbele kwanza, wa nyuma utagoma kuingia, na hapo ndipo watu huanza kugonga nyundo.

Ng'oa zulia pamoja na ile lami ya kuzuia kelele. Mguu unatakiwa kulalia chuma kitupu. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari na tochi, utazame bomba la breki na la mafuta yanapita wapi. Mimi niliwahi kuharakisha nikakata waya, jioni yote ikaishia kwenye solda.

Chini ya sakafu weka bamba la pili. Kwa miguu minne ya mbele na ya kati, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bamba la unene usiopungua mm 3, eneo la angalau sm² 120, na kila mguu angalau bolti tatu za M8 (kipenyo mm 8) za daraja la uimara 8.8. Washa (visahani vya bolti) peke yake hazitoshi: gari likibiringika, bolti hung'oka na kipande cha sakafu. Matundu yapake rangi, kutu haichelewi. Baada ya mbio za kwanza, rudia kukaza.