Kabla ya Kuuzuia Mkono: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayenyofoa Nywele Zake na kwa Watu wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Tanga, jambo la kwanza analofanyiwa mtu anayenyofoa nywele zake ni kukatazwa. Mama akiona kipara utosini mwa binti yake, au nyusi iliyobaki nusu, huuliza sababu, husema "acha", humpiga mkono unapopanda kichwani, na baada ya siku chache hushangaa kukiona kipara kimepanuka. Ninayoyaeleza hapa ni maandalizi yanayopaswa kutangulia katazo lolote, kwa sababu mkono huu mara nyingi hupanda bila mwenyewe kujua, na mtu hawezi kulizuia jambo ambalo hajui linaanza saa ngapi wala linaanzia wapi.

Ni vema kwanza watu wa nyumbani wakajua kwamba hali hii ni ugonjwa unaotambulika. Jina lake la kitabibu ni trikotilomania, na alilipa jina hilo François Henri Hallopeau, daktari wa ngozi wa Ufaransa, mwaka 1889. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inaiweka katika kundi moja na maradhi ya fikra na vitendo vinavyojirudia bila hiari, pamoja na ile hali ya kujichubua ngozi mpaka vidonda. Makisio, ambayo mengi yamefanywa nje ya Afrika, ni kwamba inampata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100. Kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe, kati ya miaka 10 na 13. Miongoni mwa watoto, wavulana na wasichana hukaribiana kwa idadi, lakini kwa watu wazima wanaofika kliniki wanawake ni wengi zaidi. Kichwa, nyusi na kope ndipo panaponyofolewa zaidi, ingawa ndevu, mikono na sehemu nyingine za mwili nazo hunyofolewa.

Kabla ya kuhitimisha kwamba ni trikotilomania, inafaa kuhakikisha kuwa si kitu kingine. Mapunye, ambayo watoto wetu huambukizana madrasani na shuleni, huleta magamba na mwasho, nywele hukatika karibu na ngozi, na dawa yake ni vidonge anavyoandikiwa mgonjwa na mtabibu, kwani mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Upo pia upara wa ghafla unaotokana na kinga ya mwili kuzishambulia nywele, ambao huacha sehemu laini yenye mpaka wa wazi na nywele hudondoka zenyewe. Mwanamke aliyesuka kwa kukaza miaka mingi naye hupungukiwa nywele, hasa kwenye paji la uso na juu ya masikio. Kwa anayenyofoa, ngozi kwa kawaida haina magamba, na ndani ya kipara mna nywele fupi za urefu tofauti tofauti, nyingine zikiwa ndiyo kwanza zinachipua. Mtabibu wa ngozi huweza kuzitofautisha hali hizi kwa kuangalia, na mara chache kwa kipimo kidogo. Nchini mwetu wapo maafisa tabibu waliosomea ngozi katika kituo cha mafunzo kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1992, kwa hiyo mtu asidhani kwamba swali hili halina wa kulijibu mpaka afike Dar es Salaam.

Jambo linalofuata nalitilia mkazo kuliko mengi mengine, nalo ni maneno yatakayosemwa nyumbani. Mgonjwa huyu tayari ana aibu kubwa. Hujifungia bafuni, huziokota nywele sakafuni kabla wengine hawajaamka, hukataa kuogelea Raskazone na wenzake, na mara nyingine hukwepa hata arusi ya dada yake kwa kuogopa kuvuliwa mtandio mbele ya wanawake. Nyumba ikiongeza kejeli juu ya aibu hiyo, wasiwasi huzidi, na wasiwasi wenyewe ni mmoja wa vichocheo vya kunyofoa. Kwa hiyo wazazi, bibi, mashangazi na ndugu wakubwa wakae kwanza bila mtoto kuwapo, wakubaliane kwamba hakuna atakayemwita majina, hakuna atakayemkagua kichwa mbele za wageni, na kwamba mtu mmoja tu, ambaye mtoto atamchagua mwenyewe, ndiye atakayeruhusiwa kumkumbusha. Ukumbusho huo uwe ishara ndogo waliyoafikiana, kama vile kumgusa bega au kumpa kitu cha kushika mkononi. Shangazi mpole mara nyingi huifanya kazi hii vizuri kuliko mama mwenye hofu.

Wapo watakaosema kwamba mtoto amepagawa, au kwamba kuna aliyemwonea kijicho. Dua na kisomo vinampa mtu utulivu, na sioni sababu ya kumnyima mgonjwa faraja ya imani yake. Lakini kumwambia msichana wa miaka 12 kwamba ndani yake mna jini linalomla nywele ni kumpa hofu mpya juu ya ile aliyo nayo, na miezi inayopita akizungushwa kwa waganga ni miezi ambayo tabia inazidi kuota mizizi. Sheikh au mchungaji anayeaminiwa na familia, akielezwa mapema, anaweza kuwa wa kwanza kuwahimiza waende hospitali.

Nyumba ikishatulia, lianze daftari. Kwa muda wa wiki moja au mbili mgonjwa asijaribu kuacha, aandike tu. Kila mkono unapopanda, aandike saa, mahali alipokuwa, alikuwa amekaa au amelala, mkono gani ulitumika, alikuwa akifanya nini, moyoni alikuwa akihisi nini, na unywele aliufanya nini baada ya kuung'oa. Swali hili la mwisho huonwa la ajabu, ila lina maana kubwa, kwa kuwa wengi hupitisha unywele midomoni, huutazama mzizi wake, huuzungusha vidoleni au huutafuna, na utamu wenyewe wa tendo mara nyingi umo humo. Mtoto asiyependa kuandika anaweza kuweka alama za rangi kwenye kalenda, na mtu mzima anaweza kutumia simu, mradi kumbukumbu iandikwe papo hapo, maana jioni huwa imeshapotea.

Daftari hilo litaonyesha kwamba kuna kunyofoa kwa aina mbili, na wengi wanazo zote mbili. Aina ya kwanza hufanyika mtu akiwa hana habari nayo: anasoma, anaangalia tamthilia, yuko ndani ya daladala inayotoka Pongwe, na kiganja kimejipatia kazi chenyewe. Aina ya pili ni ya kukusudia: mtu anahisi mvutano au mwasho, anautafuta kwa vidole unywele mnene au uliojikunja ambao anauona hauko sawa na nyingine, anaung'oa, na kwa kitambo kidogo anapata nafuu, kisha majuto yanamfika. Aina hizi zinatakiwa ziandaliwe kwa njia tofauti. Ya kwanza inahitaji vitu vitakavyouamsha ufahamu, na ya pili inahitaji njia nyingine ya kuituliza hisia ile. Anayeruka hatua hii akakimbilia glavu na kofia hubahatisha, na dawa ya kubahatisha ikishindwa, mgonjwa hujilaumu yeye.

Kutokana na daftari ndipo mazingira yabadilishwe. Kama saa mbaya ni usiku kitandani, mtandio au kilemba laini kifungwe kabla ya kulala, na si baada ya usingizi kukataa kuja. Kama ni mbele ya kioo, kibano kiondoke chumbani kikatunzwe na mtu mwingine, kioo cha kukuzia kiondolewe, na taa kali iliyo juu yake ibadilishwe. Plasta kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada huufanya unywele uteleze, na zaidi ya hapo humshtua mtu kwamba mkono umeshafika juu. Mafuta ya nazi kichwani nayo huutelezesha unywele, na kwa joto letu la Tanga si mzigo kwa mtu.

Mikono iliyonyang'anywa kazi yake lazima ipewe nyingine, na kazi hiyo iandaliwe kabla. Njia ambayo wataalamu wanaitegemea zaidi ilielezwa mwaka 1973 na Nathan Azrin na Gregory Nunn, nao wanasaikolojia wa Marekani. Msingi wake ni mtu kuitambua dalili ya mwanzo kabisa ya tendo, kisha kufanya tendo lingine lisiloweza kwenda pamoja na lile la kwanza. Kukunja ngumi na kuibana ubavuni kwa dakika moja hadi tatu, mpaka hamu ipungue, ndilo zoezi linalofundishwa sana, na faida yake ni kwamba hufanyika darasani au msikitini bila mtu kutambua. Nyumbani nafasi ni kubwa zaidi. Pwani yetu ina utajiri wa kazi za vidole: kusuka ukili, kushona kofia kwa mkono, kutunga vikuba vya asumini, kufuma vitambaa. Ukili naupendelea kwa sababu unashughulisha mikono yote miwili kwa pamoja na unasukwa mtu akiwa anazungumza. Kwa yule ambaye daftari limeonyesha kwamba anachokitafuta ni ile hisia ya uzi vidoleni, kifungu kidogo cha nyuzi za katani, ambazo mkoa wetu haujawahi kuzikosa, kinaweza kuwekwa mfukoni na kingine kando ya kitanda. Vitu hivi viwekwe pale pale daftari lilipoonyesha hatari, kwa kuwa hamu haimsubiri mtu aende kutafuta.

Msusi naye aandaliwe. Kusukia juu ya sehemu iliyodhoofika kwa kukaza, au kubandika nywele za bandia kwa gundi, huongeza madhara, na maneno ya saluni husambaa. Aendewe siku isiyo na wateja wengi na aombwe asuke kwa kulegeza. Nywele za kichwani huota kwa wastani wa sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo bibi arusi anayetaka kichwa chake kiwe kimejaa siku ya kupambwa anapaswa kuyaanza haya miezi mingi kabla. Palipong'olewa kwa miaka mingi mfululizo huenda pasiote tena sawasawa, na ni heri aambiwe hivyo mapema.

Kuhusu shule, wanafunzi wengi hunyolewa, na wakati wa muhula tatizo huweza kujificha au kuhamia kwenye nyusi na kope. Mzazi asichukulie kichwa kilichonyolewa kuwa ni kupona. Mwalimu mmoja au matroni aelezwe kwa siri, hasa unapokaribia mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha nne, ambapo wasiwasi huzidi.

Kisha kuna hospitali. Mgonjwa wa Tanga mjini anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, akisema waziwazi kwamba anahitaji huduma ya afya ya akili. Najua kwamba neno hilo huwatisha watu, na wengi wakilisikia huwajia picha ya kufungiwa katika hospitali za wagonjwa wa akili za Lutindi au Mirembe. Kwa ugonjwa huu mtu huja, huzungumza na mtaalamu, hufundishwa mazoezi, hurudi nyumbani. Aende na daftari lake, na majina ya dawa zote anazotumia, na awe tayari kueleza kama ana huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi au mawazo ya kujidhuru, kwa kuwa sonona na wasiwasi mara nyingi huandamana na hali hii na hutibika. Kama yapo mawazo ya kujidhuru, asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo.

Asitarajie kidonge kimoja kitakachomaliza kazi. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2009, watu wazima 50 walifuatiliwa kwa wiki 12. Kati ya waliopewa dawa iitwayo asetilisisteini, asilimia 56 walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 16 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Utafiti wa mwaka 2013 kwa watoto haukuonyesha tofauti hiyo. Dawa hii hutumika pia kulainisha makohozi, kwa hiyo kuna wanaoweza kushawishika kuinunua wenyewe. Uamuzi huo ubaki kwa daktari.

Liko jambo moja ambalo watu wa nyumbani wasilisubirishe. Mgonjwa anayemeza nywele yuko hatarini, kwa sababu nywele hazisagiki tumboni, hujikusanya zikawa donge, na donge hilo likikua linaweza kuziba njia ya chakula na kuhitaji upasuaji. Maumivu ya tumbo yasiyoisha, kutapika, kushiba baada ya matonge machache, kukosa choo na kukonda ni dalili za kwenda hospitali mara moja, na daktari aambiwe bila kuficha kwamba mgonjwa humeza nywele, maana asipoambiwa anaweza kutibu vidonda vya tumbo kwa miezi.

Mwishowe, upangwe mpango wa siku ambayo mkono utarudi. Utarudi, hasa baada ya msiba, mtihani, au wiki za kukosa usingizi. Iamuliwe sasa ni nani ambaye mgonjwa atamwambia siku hiyo, kama atampigia simu au atamfuata nyumbani, na daftari litaanza tena kuandikwa jioni ile ile kwa maswali yale yale. Ikiwa wiki mbili zitapita na idadi ya alama haijapungua, tarehe ya kliniki ivutwe mbele, na aliyechaguliwa kumkumbusha afuatane naye.